Pimeni Upya Mashine za Mauzo Kabla Vuli Haijaanza

Kama umewekewa mfumo wa mauzo kwenye kompyuta ya kaunta, na fundi akakuonyesha kwa namba jinsi alivyouharakisha, usiufungulie wateja kesho kabla hujapata jibu la swali moja: kasi hiyo ilipimwa huku diski ikingojewa, au bila kungojewa? Fundi akibabaika, rudi kwenye daftari la karatasi hadi jibu lipatikane. Sitii chumvi. Mfumo uliopimwa bila kuingoja diski utaonekana mzima wiki baada ya wiki. Halafu stima itapotea wakati mbaya, na ukiiwasha mashine utakuta mauzo ya mchana hayamo, au faili nzima haifunguki.

Haraka hii ina sababu. Ukambani hutegemea mvua za vuli, Oktoba hadi Desemba, kuliko zile za masika. Ndiyo miezi ambayo maduka ya pembejeo ya Machakos mjini, Masii, Mwala na Matuu hujaa watu wanaotafuta mbegu ya Katumani, mbolea na dawa ya viwavi. Ndiyo pia miezi ambayo radi na upepo huangusha nyaya. Kwa hiyo mashine huandika kwa wingi kipindi kile kile ambacho stima haiaminiki. Na si nyaya za hapa kwetu tu. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima iliingia gizani, na tarehe 10 Desemba mwaka huo huo ikaingia tena. Hakuna mwenye duka aliyepigiwa simu mapema aambiwe afunge programu vizuri.

Mifumo mingi ya dukani, ya kliniki ndogo na ya vyama vya kuweka akiba haina seva. Hifadhidata hukaa ndani ya programu yenyewe, na data yote huwa kwenye faili moja iliyo kwenye diski ya mashine ile ile ya kaunta. Inayotumika kuliko zote ni SQLite, ambayo D. Richard Hipp aliianzisha mwaka 2000. Unayo mfukoni hata kama hujawahi kuisikia: WhatsApp kwenye simu za Android huweka jumbe zako ndani yake. Zipo nyingine za aina hiyo, kama H2, LMDB, LevelDB na RocksDB. SQLite ni ya bure, ni imara, na imejaribiwa kwa ukali kuliko programu nyingi za kulipia. Sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na vipimo tunavyovifanya juu yake, kisha tukavigeuza kuwa ahadi kwa mwenye duka.

Risiti inapofungwa, hifadhidata huyakabidhi maandishi kwa mfumo wa uendeshaji, nao huyaweka kwanza kwenye RAM kwa sababu RAM ni nyepesi na diski ni nzito. Yakibaki hapo stima ikapotea, yamekwenda. Ndiyo maana SQLite, ikiachwa ilivyo, hutoa amri ya pili, ambayo kwenye Linux na Android huitwa fsync: usinijibu mpaka maandishi yawe yamefika kwenye diski yenyewe. Kungoja jibu hilo ndiko kunakokula muda. Ukiondoa amri hiyo, kila kitu kinaruka. Ni kama karani anayejibu "nimeshaandika" huku kalamu ingali mfukoni. Foleni itakwenda mbio, hadi siku karani atakapozimia.

Kwenye SQLite, uamuzi huo umo kwenye mpangilio mmoja uitwao synchronous. Ukiwa 2, kila muamala huingoja diski. Ukiwa 0, hakuna muamala unaoingoja. Fundi anaandika mstari mmoja tu wa kuuweka 0, na mfumo uliokuwa ukisuasua unaanza kupaa. Waandishi wa SQLite hawajaficha kitu. Wanasema wazi kwamba kwa mpangilio huo programu ikianguka data itabaki salama, lakini kompyuta ikizimika ghafla faili inaweza kuharibika. Tazama vizuri maneno hayo: haisemwi kwamba risiti mbili tatu zitapotea. Inayoweza kuharibika ni faili yote, pamoja na madeni ya wateja ya miezi iliyopita.

Hapa ndipo onyesho la fundi linapopotosha, hata kama yeye hana nia mbaya. "Mama, tazama," anasema, kisha anaiua programu kwa nguvu katikati ya mauzo. Anaifungua tena, risiti zote zipo. "Umeona? Haipotezi kitu." Mama anaridhika, analipa. Lakini kilichokufa ni programu peke yake. Mfumo wa uendeshaji ulikuwa hai, na yote yaliyokuwa kwenye RAM ukayapeleka kwenye diski kwa wakati wake. Jaribio hilo litafaulu siku zote, mpangilio uwe 0 au 2, kwa hiyo halithibitishi lolote. Kuchomoa waya wa kompyuta ya mezani ni jambo jingine kabisa. Na kama mashine ni laptopu, kuchomoa chaja si jaribio pia, maana betri inashika. Ni lazima kitufe cha kuzimia kibanwe mpaka kioo kiwe cheusi.

Tuje kwenye namba zenyewe, kwa maana zinaweza kukuonyesha uongo hata bila kugusa programu. Diski ya kizamani yenye sahani huzunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kwa sekunde. Kuukamilisha muamala mmoja kwa uhakika kwa kawaida huhitaji sahani izunguke mara mbili hivi, na ndiyo sababu waandishi wa SQLite hutaja kama miamala 60 kwa sekunde kwenye diski ya namna hiyo, ilhali hiyo hiyo SQLite huweza kuingiza safu 50,000 na zaidi kwa sekunde zikiwa zimefungwa ndani ya muamala mmoja. Basi fundi akikuletea karatasi inayosema kompyuta yako yenye diski ya sahani inamaliza miamala 3,000 kwa sekunde, risiti moja moja, usimpongeze. Sahani haiwezi kuzunguka kasi hiyo. Ama aliikusanya miamala yote ikawa mmoja, ama diski haikungojwa, ama diski yenyewe inajibu kabla ya kuandika.

Kwa SSD hesabu ya mizunguko haipo, kwa hiyo kuna njia nyingine. Pima mara mbili kwenye mashine ile ile: mara ya kwanza synchronous ikiwa 2, mara ya pili ikiwa 0. Lazima pawe na pengo kubwa. Kama namba zote mbili zinakaribiana, shuku diski. SSD chache, zile za seva zenye akiba ya umeme ndani yake, zina haki ya kujibu haraka hivyo. SSD ya bei ya chini iliyopachikwa kwenye kompyuta ya mtumba ya ex-UK haina. Mwaka 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State na maabara za HP walikata umeme kwa makusudi kwenye SSD 15 za aina mbalimbali. 13 zilionyesha hitilafu za aina moja au nyingine, kuanzia maandishi yaliyoandikwa nusu hadi diski iliyokufa kabisa. Tangu hapo vifaa vimebadilika, lakini bei ya kuweka akiba ya umeme ndani ya diski ingalipo, na wauzaji wa bei rahisi hawailipi.

Kadi za kumbukumbu ni balaa la peke yake. Wapo wanaotumia kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, au tabuleti, wakaweka hifadhidata kwenye kadi ya SD kwa sababu imeandikwa C10. Alama hiyo inaahidi megabaiti 10 kwa sekunde za kuandika mfululizo, kama video ya harusi. Risiti haiandikwi hivyo. Hifadhidata hugusa kurasa ndogo za baiti 4,096, moja huku, nyingine kule. Alama inayohusu kazi hiyo ni A1 au A2: A1 inaahidi angalau maandishi 500 madogo ya hapa na pale kwa sekunde, A2 inaahidi 2,000. Kadi isiyo na alama hiyo haijaahidi chochote kuhusu kazi unayoipa. Tena kumbukumbu za aina hii haziwezi kufuta kipande kidogo peke yake. Hufuta bloku kubwa nzima. Kadi mpya iliyo tupu ina bloku nyingi zilizo wazi, kwa hiyo itakupa namba nzuri siku ya maonyesho. Miezi sita baadaye, ikiwa imejaa picha za stoku na nakala za zamani, itakuwa kitu kingine.

Na kuna kadi na flashi bandia, zilizoandikwa gigabaiti 128 huku ndani mkiwa na nane. Kompyuta huamini ilichoambiwa. Unaandika bila shida hadi nafasi ya kweli inapokwisha, kisha maandishi mapya yanaanguka hewani au yanafunika ya zamani, bila onyo lolote. Hakuna hifadhidata inayoweza kujikinga na hilo. Kabla ya kuweka data ya duka kwenye kadi yoyote, ijazwe yote na isomwe yote kwa programu kama H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux, zote za bure. Inaweza kuchukua saa kadhaa. Iache usiku.

Sasa, vijana wenzangu mnaoandika programu hizi, haya yanayofuata ni yenu zaidi kuliko ya mwenye duka. Mtu akiwaambia mwangalie mpangilio wa synchronous, wengi mtafungua faili kwa zana ya sqlite3, mtaandika PRAGMA synchronous, mtaona 2, mtashusha pumzi. Msishushe. Mpangilio huo haukai kwenye faili. Kila programu inayofungua faili hujiwekea wake, na ile 2 mliyoiona ni ya zana yenu, si ya mfumo wa mauzo. Mfumo unaweza kuwa unajiwekea 0 kila asubuhi na zana isijue. Ni tofauti na journal_mode ikiwekwa WAL, yaani namna ya kuandika kwanza kwenye faili ya pembeni: hiyo hubaki kwenye faili na zana itawaonyesha ukweli. Kwa synchronous, someni msimbo, au muulizeni aliyeuandika. Kama msimbo haupo, itazameni programu ikifanya kazi: kwenye Linux, strace itaonyesha kama fsync au fdatasync inaitwa kila risiti inapofungwa, kwenye Windows, Process Monitor itaonyesha FlushBuffersFile. Fungeni risiti moja huku mkitazama. Kama hakuna mstari uliotokea, mmepata jibu.

Hata hapo hamjamaliza. Kwenye Windows, ndani ya mipangilio ya diski, pana kisanduku kinachoiambia kompyuta ipuuze amri ya kusukuma maandishi hadi kwenye diski. Windows yenyewe huonya hapo hapo kwamba kisiwekwe tiki isipokuwa kifaa kina umeme wake wa akiba. Kikiwekwa tiki, programu itatoa amri vizuri kabisa, lakini amri itaishia njiani. Na anayetumia LevelDB au RocksDB ajue kwamba hizo, zikiachwa jinsi zilivyo, haziingoji diski kila zinapoandika; ni lazima uombe. H2 nayo kwa kawaida huchelewesha kusukuma maandishi kwa nusu sekunde. Kuzilinganisha na SQLite iliyo kwenye 2, kisha kutangaza kwamba moja ni ya haraka kuliko nyingine, ni kulinganisha anayefanya kazi na anayeahidi kuifanya.

Vipimo vyenyewe vifanyiwe kwenye mashine ya kaunta, siyo kwenye laptopu ya fundi. Faili iwe na ukubwa itakaokuwa nao baada ya mwaka, maana faili ndogo huingia yote kwenye RAM na usomaji wake hauigusi diski kabisa. Unapima RAM ukidhani unapima diski. Kwa usomaji, zima kompyuta, iwashe, kisha pima utafutaji wa kwanza wa bidhaa. Hiyo ndiyo kasi atakayoikuta mteja wa saa moja asubuhi. Kwa uandishi, kila risiti iwe muamala wake, na urekodi muda wa kila mmoja, siyo wastani tu. Wastani huficha. Mfumo ulio kwenye WAL huandika kwanza kwenye faili ya pembeni, na kwa kawaida faili hiyo ikifika kurasa 1,000, kama megabaiti nne hivi, hifadhidata huanza kuzihamishia kurasa hizo kwenye faili kuu. Risiti itakayoangukia wakati huo itachelewa kuliko nyingine zote. Jaribio la sekunde kumi huenda lisifike hapo kabisa. SSD nyingi za bei nafuu pia zina sehemu ndogo ya haraka inayopokea maandishi ya mwanzo. Ikijaa, kasi inaporomoka. Liache jaribio liende nusu saa au zaidi, kisha mwonyeshe mwenye duka ile risiti iliyochelewa kuliko zote.

Lakini jambo linalonishangaza kuliko yote ni kwamba kasi hii inayotafutwa haihitajiki. Duka gani la soko la Marikiti linafunga risiti 60 kwa sekunde? Hata foleni ikifika barabarani, keshia mmoja humaliza mteja kwa nusu dakika akiwa hodari. Diski ya sahani, ile nzee kabisa, inamtosha mara nyingi. Mfumo unaposuasua, mara nyingi tatizo liko kwenye programu. Tuseme mteja ana bidhaa 12. Programu iliyoandikwa ovyo inaandika kila bidhaa kama muamala wake, na kupunguza stoku ya kila bidhaa kama muamala mwingine. Hiyo ni miamala 24 kwa risiti moja. Kwenye kadi inayomudu miamala 10 kwa sekunde, keshia atasubiri zaidi ya sekunde mbili huku mteja akimkodolea macho. Zifunge zote ndani ya muamala mmoja, na risiti itakwisha ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, diski ikiwa imengojwa kama inavyostahili. Faida nyingine ni kwamba stima ikipotea katikati, risiti itakuwepo yote au isiwepo kabisa. Hutakuta sukari imepunguzwa kwenye stoku na mchele haujaguswa. Utafutaji ukiwa mzito, wekeni faharasa kwenye namba ya bidhaa. Kazi ya dakika tano, na haihatarishi hata shilingi moja.

Baada ya hapo, kama bado kuna haja, tumieni WAL, iliyopo ndani ya SQLite tangu toleo la 3.7.0 la mwaka 2010. Wapo wanaoiweka pamoja na synchronous 1, na ni chaguo la haki kwa baadhi ya kazi: faili haitaharibika stima ikipotea, ila risiti chache za mwisho zinaweza kutoweka. Kwa kifaa kinachopima unyevu wa udongo shambani, sawa. Kwa duka, sikubali. Mteja amekwisha kulipa kwa M-Pesa, ameondoka na mfuko wa mbolea, ankara imekwisha kutumwa KRA kupitia eTIMS, kisha mashine inawaka tena na haimjui. Stoku inasema mfuko upo. Namba ya ankara huenda ikatolewa tena kwa mteja mwingine. Tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliki kupunguza kodi, na sheria ya taratibu za kodi inataka kumbukumbu zihifadhiwe miaka 5. Ofisa hatauliza mpangilio wako ulikuwa ngapi. Duka liweke 2.

Wenye kaunta mbili mna onyo lenu. Msiweke faili ya hifadhidata kwenye folda ya kushirikiana ya mtandao ili kompyuta zote mbili ziiandike. WAL haifanyi kazi kabisa kupitia mtandao kwa sababu inahitaji mashine zishiriki RAM moja, na hata bila WAL, ufungaji wa faili kupitia folda za mtandao mara nyingi hauaminiki. Duka likifika kaunta mbili, limefika kwenye seva. Ni gharama, ndiyo.

Lipo jaribio ambalo lingepaswa kuwa sharti la kulipa fundi. Januari 2005, mtandao wa LiveJournal ulikatikiwa umeme kwenye jengo la mashine zake, na umeme uliporudi baadhi ya hifadhidata zilikutwa zimeharibika, ingawa diski zilikuwa zimesema zimeandika. Mwanzilishi wake, Brad Fitzpatrick, akaandika programu fupi, diskchecker.pl, ambayo wazo lake yeyote anaweza kulirudia hapa Machakos kwa simu na kompyuta moja. Programu ya majaribio inaandika namba 1, 2, 3 na kuendelea, kila moja muamala wake. Kila hifadhidata inapojibu "imeandikwa", namba hiyo inatumwa papo hapo kwenye mashine ya pili, hata simu iliyo kwenye Wi-Fi ile ile. Namba zikiendelea kupanda, mtu anachomoa waya ukutani. Washa, fungua faili, tafuta namba ya mwisho. Tuseme simu ilipokea hadi 4,812: lazima 4,812 iwemo. Namba 4,813 ikiwemo bila simu kuijua, hakuna ubaya. Ikiishia 4,790, risiti 22 zilizokubaliwa hazipo, na mfumo huo usikabidhiwe. Rudia mara kadhaa, kwa sababu kuchomoa mara moja kunaweza kukosa dakika mbaya, na kila mara endesha PRAGMA integrity_check. Jibu linalotakiwa ni neno moja, ok. Jaribio hili lifanywe kwa nakala ya data, kamwe si kwa data halisi ya duka. Na yeyote akisema litaua kompyuta, mwambie Kenya Power hawataomba ruhusa.

UPS inasaidia, lakini isiwe ndiyo jibu lote. Betri zake huzeeka kimya kimya, na wengi hugundua siku ya giza kwamba inashika sekunde tano. Laptopu yenye betri hai ni keshia mzuri kuliko kompyuta ya mezani yenye UPS iliyochoka, ila laptopu nyingi za ex-UK huja na betri zilizokufa, basi ijaribuni kwanza. Wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao nao huweka data kwenye simu walizogawiwa na serikali kuanzia mwaka 2023, wana nafuu hapo: simu ina betri. Hatari yao iko kwenye nafasi iliyojaa na data iliyokaa siku nyingi bila kutumwa. Ukipata mtandao, tuma; usisubiri mwisho wa mwezi.

Kuhusu nakala za akiba, tazama folda ya mfumo wako leo jioni. Huenda ukaona faili tatu zenye jina linalofanana, tuseme duka.db, duka.db-wal na duka.db-shm. Mtu akichukua duka.db peke yake na kuiweka kwenye flashi huku mfumo umefunguliwa, ameacha mauzo mapya ndani ya ile ya -wal, na nakala yake inaweza isifunguke kabisa. Nakala ichukuliwe kwa amri ya .backup au VACUUM INTO, au mfumo ufungwe kabisa kwanza. Kisha ifunguliwe kwenye kompyuta nyingine na ikaguliwe.

Na kama umechelewa, stima imepotea, na mashine inakuonyesha maneno "database disk image is malformed", yaani faili ya data imeharibika, acha kuuza kwa mashine hiyo papo hapo. Kila risiti mpya inaweza kufunika kilichobaki. Usifute faili yoyote, hasa zile zinazoishia na -wal au -journal, hata kama zinaonekana takataka, maana ndizo hifadhidata inazotumia kujirekebisha. Usizibadilishe majina, usizitenganishe. Funga programu, nakili folda nzima kwenye flashi mbili tofauti, andika mauzo ya siku hiyo kwa mkono, kisha mwite fundi na umpe nakala moja tu. Amri ya kuanzia ni .recover, nayo aiendeshe juu ya nakala. Jumla atakazozitoa zilinganishwe na taarifa ya M-Pesa ya siku hizo hizo kabla mfumo haujarudishwa kaunta.